Mahali Ziwa Lilipolala

Nilikuwa naanika mihogo kule Molo, karibu na Tororo, mgongo umenikamata kama kawaida yake, simu ikalia ndani ya kikapu cha maharage ambako huwa naiweka kuku wasiidonoe. Alikuwa mjukuu wangu, yule anayenunua mukene visiwani na kuwauza Busia mpakani. Mukene ni wale dagaa wadogo wa ziwani. Ng'ambo ya Kenya wanawaita omena, na kila upande unaapa kwamba wake ndio watamu, ingawa ni samaki walewale na ziwa ni lilelile.

"Jaja," akasema, maana ndivyo wajukuu wa Uganda wanavyomwita bibi, "nimepata ploti. Kule kwenu. Kisiwani."

Nikamwuliza kisiwa gani, kama mtu mwenye visiwa vingi.

"Kile ulizaliwa. Sasa ni mji, Jaja! Wametia bango. Barabara iko na jina, taa ya jua iko. Nataka ukuje unichimbie ile shimo ya bibi yako, mbele sijaanza msingi. Mimi na mtoto huyu mdogo siwezi lala kwa nyumba haina shimo."

Nikakaa chini, juu ya mihogo yenyewe. Jiwe la Tororo, kile kilima kirefu, siku hiyo lilikuwa limejifunika wingu mpaka mabegani, na mimi tangu utotoni wingu linalokaa bila kunyesha silipendi. Sikumjibu. Akadhani mtandao umekatika, akapiga kelele "Halo! Halo!" mpaka jirani akachungulia kwenye ua. Nilikuwepo. Ila habari ya shimo hilo nimewasimulia watoto wangu na wajukuu wangu miaka yote, nikawachekesha nayo, na kuna sehemu moja sijawahi kuisema.

Hiyo sehemu nitakwambia. Lakini kwanza nikuonyeshe kisiwa, maana usipokijua utadhani ni mchezo wa watoto na konokono.

Ukitoka Majanji kwa boti ya injini siku hizi unafika kabla kiazi hakijaiva. Wakati wetu ilikuwa makasia, na ulifika mikono imechubuka. Kisiwa ni kilima kimoja cha mawe meusi, na chini yake, upande unaotazama bara, pana ukanda mmoja tambarare wa udongo laini. Ndio hivyo tu. Juu mawe, chini udongo, kuzunguka mafunjo, halafu maji mpaka macho yachoke. Watu wote waliishi katikati ya mawe, nyumba zimejibana kama meno, wanapanda mtama kwenye viganja vya udongo kati ya jiwe na jiwe. Na ule ukanda mzuri wa chini uliachwa kwa mbuzi. Mgeni akifika alishangaa. Alituona wajinga.

Hali ya hewa ya kisiwani haikuwa kitu cha kusikia redioni, ilikuwa mtu wa nyumbani mwenye hasira zake. Asubuhi upepo ulitoka bara kwenda ziwani, ukibeba harufu ya moshi wa Majanji. Saa sita ulikufa kabisa, joto likakaa juu ya kisiwa kama sufuria iliyofunikwa, hata ndege wakanyamaza. Alasiri upepo uligeuka, ukatoka ziwani, baridi, na harufu ya samaki mbichi. Mvua kubwa ilipenda kuja alfajiri, na ngurumo zake zilitoka katikati ya maji, si mbinguni. Mpaka leo mtu akiniambia radi hutoka juu namtazama tu. Mara nyingine wingu jeusi lilishusha mkonga mpaka ziwani, mwembamba, unazunguka, unanywa maji, na wanawake wote walitoka na masufuria na vijiko kupiga kelele ili upite kando. Tulipiga na sisi watoto. Nilipenda kelele, lakini nilimwona bibi yangu akipiga huku midomo imemkauka, nikajua kwamba huu si mchezo.

Na walikuwepo wale wadudu wa ziwani, wanaoinuka kama moshi wa nyumba inayoungua. Moshi ukielekea kwetu tulikimbia na vikapu tulivyovipaka mafuta, tukavizungusha hewani, wadudu wakanasa. Bibi aliwaponda, akatia chumvi, akawafinyanga kama mikate midogo na kuikausha juu ya jiwe la moto. Utamu wake una uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Nimewahi kuwaeleza watu wa Molo, wakanitazama kama mchawi, na wao wanakula kumbikumbi! Haya.

Bibi yangu, sisi Wasamia bibi tunamwita kukhu, ndiye aliyekuwa mchimbaji wa mashimo. Si wa makaburi, ya makaburi yalichimbwa na wanaume. Lake lilikuwa shimo la kuulizia. Mtu akitaka kujenga, kabla hajasimamisha hata mti mmoja, alimwita kukhu. Kukhu alichimba shimo jembamba, kina chake mkono wa mtoto mpaka begani. Halafu msichana mdogo alilala kifudifudi akautia mkono mpaka chini kabisa, akatoa viganja saba vya udongo, kimoja kimoja. Kukhu aliuweka kwenye ungo, akaumwagia maji, akaupepeta polepole huku ameinama mpaka pua inagusa. Alikuwa anatafuta makombe ya konokono wa ziwani, yale meupe, madogo kama jino. Likionekana hata moja, alisimama na kujipangusa magoti. "Hapa ziwa limewahi kulala. Tafuta pengine." Na makombe yenyewe yalirudishwa majini siku hiyohiyo. Hayakuwekwa nyumbani, hayakuchezewa.

Msemo wake ulikuwa huu: ziwa ni mwenye nyumba aliyesafiri, usiseme amehama.

Mkono uliokuwa ukiingia shimoni ni wangu. Nilikuwa na mikono myembamba, mirefu, na hicho ndicho kitu pekee nilichosifiwa utotoni, kwa sababu darasani sikuwa kitu. Nimeishia darasa la tatu. Hii barua unayoiona ndefu hivi, nimeiandika kwa wiki mbili.

Basi akaja mwalimu. Alitoka kule Tororo, Mpadhola, kabila la huko, mrefu, ana kaptula na soksi, na mke mwembamba mwenye mtoto wa kike aliyekuwa anajifunza kusimama. Shule yenyewe ilikuwa banda la kanisa. Mwalimu akapenda ule ukanda wa chini: uko karibu na shule, mkewe hatapanda mawe na mtungi kichwani, mtoto ataanguka kwenye udongo laini. Nani angemlaumu? Wazee wakamwonya. Naye hakuwadharau kama wasomi wengine. Alikuja mwenyewe kwa kukhu asubuhi, amevua kofia.

"Mama, nakuomba shimo."

"Mwalimu, unataka nyumba au unataka mtumbwi?"

"Nyumba, mama. Mtumbwi nikiwa nao, watoto hawa watoro watanikimbia nao mpaka Kenya."

"Basi tuulize. Lakini mimi sina nyumba ya kukupa, naleta jibu tu. Ziwa halina heshima kwa waliosoma."

Wakacheka wote. Tukashuka chini. Kukhu akachimba. Mke wa mwalimu alisimama pale na mtoto kiunoni, mtoto ameshika kipande cha muwa, mate yanamtiririka. Nikalala chini, nikatia mkono.

Sasa sikiliza. Wasichana wa kisiwani tulikuwa na mchezo wa kurusha jiwe juu na kuokota mengine kabla halijarudi mkononi. Mimi nilichezea vijiwe vya kawaida. Msichana wa jirani alichezea vitu vyeupe vizuri alivyoletewa kutoka Busia, na alinishinda kila siku, tena akinicheka: "Mkono mrefu kama kasia, lakini haudaki!" Maneno hayo yalinila. Kiganja cha tatu kilipofika chini ya shimo, vidole vyangu vikayagusa makombe. Yalikuwa mengi. Yamepangika baridi, laini, kama mtu ameyahifadhi kwa ajili yangu. Nilijua ni nini. Usidhani sikujua. Nilijua vizuri kuliko mtu yeyote pale, kwa kuwa mkono ulikuwa wangu.

Nikayachambua kwa vidole humo gizani. Udongo nikautoa juu, makombe nikayabana kati ya kidole cha mwisho na kiganja, na kila nilipojifanya kufuta jasho niliyatia kwenye pindo la gauni. Viganja saba. Makombe saba, kwa kuwa mchezo ulitaka saba. Mengine niliyaacha chini.

Kukhu akapepeta. Akapepeta tena. Macho yake yalikwishaanza kuingia ukungu, akaniita, "Mjukuu, tazama na wewe." Nikatazama kwenye ungo, nikasema, "Ni udongo tu, kukhu."

Aligeuka akaliangalia ziwa, kisha ule ukanda, kisha ziwa. Mwishowe akasema, "Basi. Siwezi kukataa kitu ambacho shimo halikukataa." Mke wa mwalimu akapiga kigelegele, na yule mtoto akanipa muwa wake. Nikautafuna. Ndiyo, nikautafuna, ulikuwa na mate yake na ulikuwa mtamu.

Mwaka mmoja nyumba ilikaa vizuri. Ukuta wa udongo, mwalimu ameupaka chokaa nyeupe, ikawa nyumba nzuri kuliko zote. Wengine wawili wakaanza kusema nao watashuka. Mimi nikamshinda msichana wa jirani kwa makombe yangu, nikimdanganya kwamba nami nimeletewa kutoka Busia, mpaka akakataa kucheza.

Halafu zikaja mvua zisizo na mwisho. Wa rika langu wanazijua, wa pande zote za ziwa hili. Zilinyesha za masika, zikaungana na za vuli, katikati hapakuwa na jua la kukausha hata samaki. Kwanza lilizama jiwe tulilofulia. Wanawake wakacheka: ziwa limetuhurumia, linatuletea maji mlangoni! Halafu mafunjo yakang'oka, yakaanza kutembea ziwani na ndege wao juu yake. Halafu njia ya kwenda shule ikawa na matope hata siku ambazo mvua haikunyesha. Kukhu akawa anashuka kila asubuhi na fimbo, anachoma ardhi, ananusa ncha ya fimbo. Siku moja alisema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Shimo lilikataa. Kwa nini sikusikia?"

Nilikuwa nyuma yake. Hapo ningesema, mwalimu angehama siku ileile, alikuwa mtu wa kusikia. Nilifungua mdomo, naukumbuka ule mdomo ulivyofunguka, nikapiga mwayo.

Mke wa mwalimu alipita kwetu asubuhi iliyofuata kuomba moto. Akalalamika kwamba mtoto amekuwa kikojozi, mkeka kila asubuhi unaamka umelowa. "Leo nimemchapa kidogo," akasema. Akachukua kijinga chake akaenda, anakipuliza.

Tulikuwa darasani, mwalimu anatuimbisha hesabu ya mara nne. Hapakuwa na mvua wala upepo. Tulisikia kitu. Haikuwa kelele, ilikuwa kama mtu ametua gunia. Mwalimu aliendelea maneno mawili mbele, akanyamaza, akatazama dirishani. Ile nyumba nyeupe ilikuwa na kuta tatu. Mkewe alikuwa mlimani akitafuta kuni. Mtoto alikuwa amelazwa ndani.

Sitaeleza zaidi. Mwalimu alivuka naye ziwa, amefungwa kwenye shuka, kwenda kumzika kwao. Hakurudi. Ndani ya mwezi ukanda wote ulikuwa ziwa, samaki wanaogelea pale ubao wa shule ulipokuwa.

Kukhu aliyakuta makombe chini ya mkeka wangu. Hakuniuliza, hakunipiga. Aliniongoza mpaka majini, akaniambia, "Mwaga." Nikamwaga. Tangu siku hiyo hakumchimbia mtu shimo tena, na alipoulizwa kwa nini alisema macho yamekufa. Alibeba kosa langu kwa macho yake. Alikufa nalo.

Na Mungu, sijui ni mzaha wake, nilipokua nikaolewa kule Molo, kwa watu wa mwalimu. Niliwahi kukutana naye gulioni, mzee, anauza miche ya michungwa. Akanitambua kwa mikono. Akasema, "Bibi yako alinichimbia kwa moyo safi. Sina neno naye." Nikanunua mche mmoja. Nilipofika nyumbani nikaupanda, na machungwa yake sijawahi kuyala.

Basi hiyo ndiyo sababu nilikaa kimya kwenye simu. Lakini nilikwenda, ningekataaje? Ziwa lilikuwa tulivu mno, na maji yake ya kijani, mazito, yamejaa magugu ya maji. Nikamwuliza nahodha mvua za mwaka huu zikoje. "Mama, siku hizi mvua haina kalenda," akasema. "Inakuja ikitaka." Niliuona ule ukanda kutoka mbali. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma zamani, udongo ukakauka, na sasa umejaa nyumba za matofali, saluni, kibanda cha kuchaji simu, kanisa lenye spika. Mji hasa. Katikati ya mawe kumebaki mnara wa simu na mbuzi. Walikuwa wamebadilishana mahali, watu na mbuzi.

Nilichimba shimo kwa mkono wangu mwenyewe. Mkono umenenepa kwenye kiwiko lakini ulifika. Viganja saba. Mjukuu akashika ungo, mkewe akamwaga maji, mtoto wao wa kike amekaa pembeni anakula mchanga. Nilipepeta mpaka kiuno kikalia. Palikuwa na udongo tu. Hapana hata kombe moja! Wakapiga kelele za furaha, mjukuu akafungua soda, na mimi, nisikufiche, nikalia kwa furaha. Nikafikiri nimesamehewa.

Nilikuwa nakunywa soda hiyo nilipoona wanawake upande wa pili wa njia, wanachekecha udongo kwenye nyavu kuukuu, na magunia yamepangwa nyuma yao. Nikasogea kuwasalimu. Ndani ya magunia mlikuwa na makombe. Meupe. Maelfu.

"Ya nini haya, wanangu?"

"Chakula ya kuku, Jaja," mmoja akasema. "Wanasaga huko Busia, kuku inataga yai ngumu. Kwenye ploti yenu tulishamaliza mwezi uliopita. Pale ilikuwa mingi! Tulichimba mpaka kiuno, tukarudisha udongo safi."

Nilimwita mjukuu wangu kando. Nikamwambia. Akacheka kwanza, halafu akakunja uso. "Jaja, ungeyapata ungesema nisijenge. Hukupata, bado unasema nisijenge. Sasa hiyo shimo ilikuwa ya kazi gani?"

Ndipo nikamweleza ile sehemu ambayo sijawahi kuisema. Nilimweleza tumesimama, karibu na lundo la matofali, kuanzia muwa mpaka ule ukuta uliotua kama gunia. Hakuniangalia usoni. Alikuwa anamwangalia binti yake.

"Watu wa ramani walipima," akasema mwishowe, polepole. "Juu kwa mawe hakuna ploti, Jaja. Wamesema ni ya mnara. Na pesa imeshaingia kwa hii udongo. Mimi nakwenda wapi?"

Yeye si mjinga, wala si mkaidi. Aliinua msingi kozi tatu za matofali zaidi ya majirani, na majirani wakamcheka kwamba anajenga ngazi. Nami nikamwomba kitu kimoja: chumba cha upande wa ziwa kiwe changu, mtoto alale upande wa mlima. Nikafunga mlango wangu wa Molo, mihogo nikamwachia jirani.

Kwa hiyo niko hapa nilipozaliwa, ingawa hapa nilipozaliwa sipaoni. Mikate ya wadudu hakuna anayeifinyanga. Mkonga wa maji ukishuka, watu wanatoa simu wanapiga picha. Mchimbaji wa mashimo amebaki mmoja, na mashimo hayasemi tena, maana tumewalisha kuku maneno yake. Upepo bado unageuka alasiri, lakini jana uligeuka asubuhi.

Kila siku kabla mama wa mtoto hajautoa mkeka kuuanika, mimi huwa nimeshafika. Nimemkataza asimchape mtoto kwa kukojoa, na yeye anadhani ni huruma za uzee. Ninainama, naupapasa mkeka pale ulipolowa, nanusa vidole kama kukhu alivyonusa ncha ya fimbo, nikitafuta harufu ya ziwa.

Mpaka leo ni mkojo.